Bakuli Chini ya Kitambaa Cheupe

Mkitaka niwasimulie hili, niacheni kwanza nifiche uso kidogo, maana mpaka leo watoto wa mtaa wetu wa Msamala wananiita Mwalimu Konokono, na mimi naitika.

Nafundisha baiolojia, nilihamishiwa Songea kutoka Mwanza, na upweke wa kukaa peke yangu ukanifanya nifuge konokono wa maji baridi, wadogo kama punje za maharage, kwenye tangi la kioo lenye mchanga wa mtoni niliouchekecha na kuuosha mpaka vidole vikachubuka (mchana wanajifukia mchangani, jioni wanatoka kula, msicheke, inaburudisha). Mama Ngonyani, mwenye nyumba wangu na tena mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali, hakuwapenda hata kidogo. Nilipomweleza kwamba bila mchanga hawalali, alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa.

"Mwalimu, majirani wanasema ni vitu vya mganga. Jumamosi jumuiya inasali kwako, Padre anakuja kubariki nyumba. Nikiwakuta humu, uchague, wao au chumba."

Jamani, kuwatupa nilishindwa. Jumamosi asubuhi nikalificha tangi uani, ila jua la kule lingewachemsha, basi nikawafukua mmoja mmoja, nikawaweka kwenye bakuli jeupe la maji juu ya kabati la sebuleni, na ili wasionekane nikalifunika kwa kitambaa cheupe nilichokipiga pasi mwenyewe. Nikajiona mjanja kweli.

Sala ikaenda vizuri. Padre akaomba maji ya kubariki, nikakimbilia jikoni kuchukua jagi nililoliandaa, kumbe huku nyuma Mama Ngonyani ameshaliona bakuli, amelisogeza mbele ya Padre na kukunja pembe moja tu ya kitambaa, namsikia anajisifu kwa wenzake, "Huyu kijana ana utaratibu, ameshaweka tayari!" Narudi na jagi langu, namkuta Padre macho yapo kitabuni, baraka imeshasomwa, anachovya tawi la mpera mle bakulini, analizungusha vizuri, na kabla sijafungua mdomo akanyunyiza kwa nguvu. Wimbo umepamba moto, watu wanafanya ishara ya msalaba, na konokono wangu wanaruka, mmoja akatua kwenye miwani ya katekista, wengine kwenye vitenge vya akina mama.

"Yesu na Maria! Kinatembea!" akapiga kelele mama mmoja, na wimbo ukakatika.

Nikapiga magoti nikaanza kuokota, huku naeleza kila kitu (mtu mzima mimi, nilikaribia kulia). Padre akamtoa mmoja kwenye kola yake, akamtazama sana.

"Basi, na hawa wamebarikiwa. Okoteni taratibu, msiwakanyage."

Jumuiya nzima ikainama, isipokuwa Mama Ngonyani. Chai yangu hakuigusa, akaenda zake. Jioni ile nikaanza kufunga mizigo.

Kesho yake baada ya misa nikasikia hodi. Ni yeye, ameshika kikombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu nimemkuta kwenye mkunjo wa kilemba changu. Amelala kwangu."

Nikachungulia. Konokono mmoja kwenye maji safi, na chini yake mchanga, umechekechwa na kuoshwa ukatakata.

"Si ulisema bila mchanga hawalali?" akasema, akanikabidhi kikombe akaondoka.

Nikafungua mizigo. Ila nimeapa, kiumbe hai sitakifunika tena kwa kitambaa cheupe, hata kama anayekuja ni Askofu mwenyewe.