Mahali pa Kumlaza Mama

Mama yangu aliweka nadhiri: goti lake likipona, atakwenda kwa miguu kwenye mkutano wa maombi kule Gendabi akatoe ushuhuda. Goti likapona nusu. Nilimwambia kwamba Mungu anajua kuna basi, akanitazama kama mtoto aliyetukana kanisani. Basi tukashuka kutoka Tlawi, yeye na fimbo yake, mimi na turubai, mkeka na sufuria kichwani, tukilala kwa ndugu njiani.

Tulifika alasiri ya siku ya tatu. Goti lilikuwa limevimba, na wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu: asipopata pa kunyoosha mguu, kesho hatasimama mbele ya watu, na safari yote imekwenda bure. Lakini kila kivuli kilikuwa na wenyewe. Kwaya zilikuwa zimetandika mpaka kwenye mizizi ya miti. Tuliomba nafasi sehemu mbili, tukaambiwa "poleni sana", na hakuna aliyesogeza hata ndoo.

Ndipo nikaona uwazi mpana, tambarare, hauna mwiba hata mmoja, kati ya mahema na uzio wa miiba wa shamba la mtu. Nikajiona mjanja kuliko kwaya zote. Kulikuwa na mavi ya ng'ombe. Nikayafagia kwa tawi, nikafunga turubai, na Mama akapitiwa na usingizi papo hapo. Kwetu ardhi iliyo wazi ni ardhi ambayo mwenyewe hajaleta jembe. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Jua lilipoanza kushuka nikasikia kengele. Ng'ombe kama ishirini walikuwa wanarudi nyumbani, na mbele yao mama mtu mzima aliyevaa sketi ya ngozi. Nilikuwa nimefunga turubai katikati ya njia yao. Badala ya kumwamkia, nikapayuka.

"Wazungushe ng'ombe wako huko! Huoni kuna mgonjwa?"

Aliinama, akachungulia chini ya turubai.

"Mguu?"

"Goti. Tumetoka Tlawi kwa miguu." Hasira ilikuwa imeanza kuniisha. "Ngoja nimwamshe, tuhame."

"Usimwamshe."

Akaenda kwenye uzio, akavuta matawi ya miiba mpaka pakawa na pengo, akaanza kuwaingiza ng'ombe shambani. Nikamuuliza shamba ni la nani.

"La kwangu."

Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Aliwachapa ng'ombe wapite haraka, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Kila mmoja alinyakua chake, na mabua yalivunjika nikiyasikia.

Mimi ni mkulima. Wakati ule nilikuwa sijasalimiana na jirani yangu tangu palizi, kwa sababu ndama wake aliingia kwangu akala mashina sita ya mahindi. Niliyahesabu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Aliporudi kufunga pengo nilikwenda kumshikia matawi.

"Shikamoo, mama," nikasema, salamu iliyopaswa kuwa neno langu la kwanza.

"Marahaba. Maji ya moto ya kumkanda mnayo?"

Kesho yake Mama alisimama mbele ya mkutano bila fimbo. Alimshukuru Mungu kwa goti, akamshukuru na binti yake aliyemtafutia mahali pazuri pa kulala. Sikuwa nimemwambia habari za ng'ombe na mahindi. Watu wakanigeukia, wakanipigia makofi, nami nikashindwa kuinua uso.