Punje Mbili za Akamwani

Karibu na stendi ya Bukoba kuna mama anayeuza akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya porini na kuanikwa juani, akiifunga kwenye vipande vya maganda makavu ya mgomba. Harufu yake ikinifikia, huvuka barabara. Watu hudhani nina haraka.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake baba, alikuwa amelala chumba cha mbele nyumbani kwake Kishanda, tulikokwenda kumuuguza, saratani ikimla tumbo. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani. Jumatatu moja aliwaita baba na shangazi Koku, akawaambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani: "Kuanzia leo sili, sinywi. Nataka nife hapa, nikisikia migomba yangu. Msinilazimishe."

Shangazi alilia. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisema hiyo ni dhambi, kisha akatoka nje kupogoa migomba ambayo haikuhitaji kupogolewa.

Mimi niliamini tatizo ni uji aliokuwa akipikiwa na shangazi. Nilikuwa mtoto wa kufuta daftari mpaka karatasi inatoboka, na sijapona. Aya hii nimeiandika mara saba. Niliuchuja ule uji, nikaupoza, nikautia maziwa, nikamwaga, nikapika upya. Bibi alifumba mdomo. Mara ya nne akanitazama.

"Uji wako mzuri, waitu," alisema, akiniita kwa neno letu la upole. "Wa shangazi yako ndio wa kujengea ukuta."

Shangazi alicheka huku machozi yanamtoka. Lakini Bibi hakunywa.

Siku ya tatu nikapata akili. Kwetu mgeni hakai bila kupewa akamwani, na mwenyeji huanza yeye kutia punje mdomoni, mgeni aone haina sumu. Asiyefanya hivyo amemwita mgeni wake adui. Basi niliweka kikapu cha kahawa kando ya kitanda, nikavaa gauni la kanisani, nikatoka nje, nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mgeni kutoka Kamachumu."

Kisha sauti yake, kavu kama ganda la maharage, ikanisalimu kwa heshima apewayo mgeni: "Kasinge, waitu. Karibu ukae."

Nilikaa kwenye kigoda, nikakunja mikono kama nilivyoona wazee wakifanya. "Nyumba hii siku hizi haina kahawa?"

Alilitazama gauni langu la kanisani, akakitazama kikapu. Halafu mkono wake ukatoka kwenye blanketi, ukachukua punje mbili. Moja akatia mdomoni. Nyingine akanipa.

Kinywa chake hakikuwa na mate ya kutafunia. Punje ilimkwama, akakohoa mpaka akajikunja, akanishika mkono, akaomba maji. Nilimpa kikombe kizima. Kisha nikaleta uji, akanywa.

Baba alininyanyua juu. "Huyu ndiye daktari wetu," alisema. Mchana uleule gari likatafutwa.

Hospitalini Bukoba walimwekea puani mpira wa kumlishia. Aliuchomoa, wakamfunga mikono kwa bendeji kwenye kitanda. Aliishi hivyo wiki tatu, katika wodi ambayo dirisha lake lilitazama ukuta. Kila nikitoka shule, baba alinipitisha kumsalimia kabla ya kurudi kwetu Miembeni, hapohapo mjini. Bibi hakuwahi kunisema. Siku moja tu alinong'ona, "Mgeni, nirudishe nyumbani." Nilimwambia ale kwanza.

Nilimchukia baba kwa miaka mingi, maana ilikuwa rahisi. Lakini mpira ule hakuuanzisha yeye. Bibi alijua vizuri ni nani amekaa kwenye kigoda kile. Alijua pia kitakachofuata akitafuna. Angeweza kugeukia ukutani, na mchezo wangu ungeishia hapo. Ila hakuweza kumfanya mjukuu wake adui ndani ya nyumba yake, hata kwa kucheza, na adabu hiyo ilimnyang'anya kifo alichokichagua.

Punje aliyonipa niliiweka shavuni, sikuitafuna. Nilikuwa siupendi uchungu wake. Baba aliponishusha chini, niliitema nyuma ya mlango.