Kisanduku Kilichowekwa Kando

Mume wangu Nsajigwa alikuwa fundi wa kompyuta, wa kwanza kutoka Ngana kuisomea kazi hiyo. Mwaka 2004 kaka yake, Hezroni, alimwita Kasumulu, penye daraja la mpaka na Malawi. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, Hezroni alikuwa ameanzisha ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na sasa alitaka faiawoli, kisanduku cha kuzuia wavamizi wasiingie kwenye kompyuta zake.

Nilikuwapo. Nsajigwa alieleza kwamba kisanduku kinaweza kupewa anwani yake ya mtandao, lakini hapo itabidi kompyuta zote zibadilishiwe zao, na siku nzima ya kazi ipotee. Au kikae katikati ya waya unaoleta mtandao kutoka kwenye dishi: anwani hazibadiliki, na kila kinachopita kinapekuliwa. Au kiwekwe kando, kipewe nakala tu ya kinachopita. Hapo kinaona, hakizuii.

"Tukiweke katikati, kaka."

"Na kikifa?"

"Mtandao utakatika mpaka nije."

"Malori yalale darajani yakikusubiri wewe? Weka kando, profesa!"

Nsajigwa aliandika barua kushauri kikae katikati. Hezroni aliandika chini yake, "Kiwekwe kando," akatia sahihi.

Miezi mitano baadaye mtu asiyejulikana aliingia kwa mtandao, akabadilisha hati za mizigo. Malori mawili ya vitenge yakachukuliwa na wasio wenyewe. Kisanduku kilikuwa kimeandika yote, saa na dakika.

"Fundi ndiye aliyechagua," Hezroni aliwaambia wateja. Nsajigwa alikusanya vifaa vyake, akaondoka.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuitoa ile barua.

"Ni mkubwa wangu, mama Tusajigwe. Nikimwaibisha yeye, nimemwaibisha baba."

Hakupata kazi tena wilayani kwetu Kyela. Vijiweni walimwita Mlinzi Mtazamaji. Alilima mpunga kwa mikono isiyozoea jembe, na mwaka wa tatu presha ilimwangusha majarubani.

Siku ya kumaliza msiba Hezroni alisimama. "Ndugu zangu, ndaga, asanteni kwa kuja. Mdogo wangu alikosea kazini. Tumsamehe."

Miaka mitatu nililinda jina la ukoo kwa kunyamaza. Nilikwenda chumbani, nikaleta barua aliyoitunza Nsajigwa, nikaisoma kwa sauti hadi kwenye sahihi.

"Shemeji," Hezroni alisema taratibu, "si ungeichoma tu?"

"Jina la ukoo lilikuwa la wawili, shemeji. Wewe umelizika la mmoja likiwa na tope."

Watu waliondoka mmoja mmoja. Chakula kilibaki masufuriani.

Tangu hapo Hezroni hapokei salamu yangu wala ya wanangu. Msalaba wa saruji alioahidi kuweka kaburini haukuletwa. Nimenunua ubao na rangi, nikaandika mwenyewe: Nsajigwa, Fundi.