Yowe la Dawa Nyekundu

Haya nikiyakumbuka hata leo natamani ardhi ipasuke nizame, maana mtaani kwetu Mikindani wapo ambao wakiniona nimesimama barazani bado wanakonyezana.

Dada yangu Somoe alikuwa na saratani ya titi, na aliyejua ni mimi tu. Majirani aliwaambia ana vidonda vya tumbo, na kichwa kilichokwisha kupukutika nywele alikifunika mtandio mchana na usiku ("Wakijua wataanza kunililia ningali hai, mdogo wangu," aliniambia, nami nikamwapia kuwa siri itabaki kwangu).

Dawa ya kwanza haikufua dafu, hospitali wakambadilishia. Hiyo mpya ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, na nesi alipokuwa anamwekea akaniambia, "Ndugu wa mgonjwa, usiende mbali, nina maelekezo." Basi mimi na tumbo langu (harufu ya mihogo ya kukaanga ilikuwa inaingia dirishani) nikajisemea narudi sasa hivi, nikatoka, nikakaa kwenye benchi, nikaongeza na pilipili, niliporudi nesi kashahamia kwa mgonjwa mwingine na dada anasinzia. Nikamuuliza wamesemaje. "Ninywe maji mengi," akasema, nami nikaridhika.

Asubuhi yake hakuwa na nguvu ya kufika chooni, nikampelekea ndoo chumbani, akajisaidia akarudi kulala. Nilipoitoa ndoo uani kwenye mwanga nikaona mkojo mwekundu! Sikurudi kumtazama, sikumuuliza kitu, niliibwaga ndoo nikakimbilia barazani mikono kichwani, nikapiga yowe, "Dada yangu jamani! Somoe ananiacha!"

Na kwetu yowe haliulizwi. Wanawake waliokuwa wanabangua korosho kwa jirani yetu Bi Hawa walikuja na mikono myeusi vilevile, vilio vikapokezana, wanaume wakatoa mabenchi na turubai, mmoja akakimbilia msikitini, na mimi badala ya kusema jamani hajafa, nazidi kulia (kila nikifungua mdomo Bi Hawa ananikumbatia, "Lia mwanangu, lia"), mpaka kipaza sauti kikatangaza msiba wa Somoe wa Mikindani.

Hapo mlango ukafunguka. Dada alisimama kizingitini ameshikilia ukuta, mtandio umemvuka usingizini, kichwa kitupu, akauliza taratibu, "Nani kafa?"

Wote walikitazama kile kichwa, wakaelewa, na yeye akaona kwamba wameelewa.

Nilimpigia nesi. "Hiyo si damu, dada, ni rangi ya dawa," akasema. "Doksorubisini ni nyekundu, inatokea kwenye mkojo siku moja mbili. Inazivuruga seli zinazogawanyika harakaharaka zisiweze kuzaliana, na saratani ndiyo tabia yake hiyo. Shida ni kwamba nywele na ngozi ya mdomo nazo ni hivyohivyo, ndiyo maana zinaumia. Nilitaka nikueleze jana, ukapotea."

Turubai likafunguliwa, watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Dada hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Jioni aliniambia, "Sasa wameshanizika. Siku yangu ikifika kweli, nishike mkono kwanza. Yowe baadaye." Nililia nikaishiwa machozi.

Dawa ilimsaidia kwa muda. Uvimbe ulinywea, akarudi hata kubangua korosho na wenzake, wakamzoea na upara wake, kisha ugonjwa ukaibukia kwenye mapafu na madaktari wakasema moyo hautahimili dozi nyingine, maana dawa ile huuchosha moyo nao. Asubuhi alipokata roho nilikuwa nimemshika mkono, nikaendelea kuushika mpaka ukapoa. Nikatoka barazani nipige yowe, sauti haikutoka kabisa.

Bi Hawa alikuwa anaanika muhogo. Aliponiona nimesimama kimya aliweka ungo chini, akanipita bila kuniuliza, akaingia mwenyewe kumgusa Somoe, ndipo nikasikia yowe lake kutoka ndani. Sikumlaumu.

Siku hizi nikimsindikiza mtu hospitali, nesi akisema usiende mbali sibanduki, na mihogo ya kukaanga sijaila tena.