Achia Kufuli Ukingoja

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nusura nisiolewe na babako. Ukimwona leo amevaa tai kanisani huwezi kuamini.

Alikuwa ametengeneza mashine ya kuangulia vifaranga, hapo Mbumbuni, ikiendeshwa na programu aliyoiandika mwenyewe. Mama yangu na akina mama wenzake wa kanisa wakamwamini, wakampa mayai yao yote. Mimi nilikuwa nimeshamsifu nyumbani mpaka nikachoka. Basi asubuhi moja mama akayagusa mayai, akakuta yameanza kupoa. Akaniita niyaguse mwenyewe, na hapo nikaogopa.

Tulimwita Mwalimu Syombua, aliyetufundisha kompyuta sote wawili. Akavaa miwani, akaisoma programu polepole. Ndani yake kulikuwa na nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Uzi mmoja unapima joto na kuliandika. Wa pili unangoja joto lishuke ndipo uwashe hita. Zote zinatumia sehemu moja ya kumbukumbu, na unaoingia hufunga kufuli ili mwenzake asivuruge. Sasa ule wa hita ulikuwa unaingia, unafunga, halafu unalala humo humo ukingoja habari. Wa kuleta habari uko nje, hauwezi kuingia. Yaani babako!

“Mutiso,” Mwalimu akamwambia, “wewe umekulia kijijini Tulia. Kisima kinachochimbwa kwenye mchanga wa mto kikikauka, mtekaji hukaa ndani?”

“Hapana, Mwalimu. Anatoka, mwingine aingie achimbue.”

“Akishachimbua?”

“Anamwita yule wa juu.”

“Naye akiitwa anashuka tu na kibuyu?”

“Anachungulia kwanza. Pengine mtu amemtangulia akateka.”

“Haya yote unayajua, na mayai ya watu unayaacha yapoe.”

Babako akatazama viatu vyake. Nilimwonea huruma, na nikacheka pia, Mungu anisamehe. Akarekebisha pale pale: uzi unaongoja uachie kufuli, unaoandika joto uuamshe, na ulioamshwa uangalie tena joto kabla ya kuwasha chochote. Hita ikawaka. Mayai mengine yaliharibika, lakini mengi yaliangulika. Mama akaniambia jikoni kwamba mwanamume anayekubali kukosolewa mbele ya mchumba wake, huyo anafaa. Ndivyo nilivyoolewa.

Kwa hiyo wewe unayeandika programu siku hizi, nisikilize. Ukilazimika kungoja, usingoje umeshikilia kile mwenzako anachohitaji ili akusaidie. Ukimaliza sehemu yako, mwite anayekungoja, usidhani atajua mwenyewe. Na ukiamshwa, angalia kwanza kama kile ulichongojea kipo kweli. Kama hakipo, rudi ungoje, hakuna aibu. Hata nyumbani ni hivyo. Mimi na babako tukikosana, mmoja huachia kwanza, na mara nyingi ni yeye.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe wenzako wasiosahau kukuita, na moyo mwepesi wa kuachia.