Sukari ya Nahodha

Siku za kazi nahodha wetu ni fundi cherehani, mpole kama maji mtungini. Jumapili, kwenye mbio za mashua za klabu, akishika usukani hugeuka mbogo. Hakuna anayesalimika: mimi ni gogo, daktari wa meno, baharia mwenzangu, ni kiazi, na mkewe, anayevuta kamba ya tanga la mbele, ameshaitwa yote mawili. Tukikanyaga nchi kavu, sauti humwisha. Huvua kofia, huosha vikombe, akazunguka na birika la chai. Haombi radhi, hutia sukari. Gogo hupata vijiko viwili, kiazi vitatu. Mkewe husema ndoa hii itamletea kisukari.

Jumapili iliyopita tulikuwa wa pili, jambo lisilowahi kututokea, na nahodha kwa pupa akakata kona mapema, akaligonga boya la kugeukia. Kwa sheria za mbio ikabidi tulizunguke upya, tukamaliza wa mwisho. Siku hiyo hakuna aliyeitwa gogo wala kiazi. Klabuni aliketi, kofia ingali kichwani, vidole vyenye makovu ya sindano vikichezea ukingo wa meza.

“Haya,” akasema. “Leo zamu yangu kutukanwa. Nani anaanza?”

Nikasimama mimi.

“Hata gogo lingelikwepa boya lile, mzee!” nikamfokea.

Akashusha pumzi, akavua kofia. Mkewe alikuwa ameshashika kijiko cha sukari juu ya kikombe cha mumewe.