Tulivyompeleka Rajabu Arua Akaangaliwe

Niliondoka Koboko kwa hasira, sitaficha. Mwanangu Rajabu alizaliwa kabla ya wakati wake, akatoka kimya, rangi ya majivu, na hata kabla hajajua kunyonya akashikwa na degedege. Alipofika miezi mitatu nilimpeleka zahanati kuchanjwa. Mkunga akamfunua, akamfunika, akasema mbele ya foleni nzima: "Huyu hatakaa wala kutembea. Usijichoshe. Zaa mwingine." Hakumwangalia hata kwa muda wa kupuliza chai. Nilitaka kumtupia beseni.

Nikasikia kuna hospitali Arua yenye daktari wa watoto waliozaliwa kwa shida, anayeweza kusema mapema kama ubongo uliumia kiasi cha kuharibu mwendo wa mwili. Ugonjwa huo wenye vitabu huuita mtindio wa ubongo. Nikamwambia mume wangu nakwenda. Akasema, "Nenda, lakini na mama."

Mama yake ni Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Ni mjane wa sajini. Nyumbani kwake mkubwa akiingia kila kiumbe hutulia, hata kuku. Watoto hufundishwa wakiwa bado kwenye nepi: Habuba humwinamia mtoto, humgongea ulimi, "tk, tk," na mtoto humkodolea macho, kimya, mikono chini. Anajivunia sana.

Asubuhi na mapema tulipanda pikapu iliyobeba marobota ya tumbaku. Juu ya marobota tulimkuta Poni, mama Mkakwa kutoka Lobule, na binti yake mchanga, Kiden. Alikuwa anakwenda kule kule.

"Wako pia alitoka kimya?" nikamuuliza.

"Kimya kabisa. Nyumbani wanasema ni jini la Sudani, limetufuata tuliporudi kutoka ukimbizini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi. Nimepanda gari."

Nikampenda papo hapo.

Karibu na Arua kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja akachungulia ndani ya shuka la Rajabu. Habuba, tk, tk. Mtoto akaganda. "Huyu ni kuruta kabisa!" askari akacheka, akatupisha. Habuba akatabasamu mpaka mjini, meno yote nje, vumbi likaingia.

Hospitalini daktari alikuwa mama wa Kiganda mwenye miwani. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, kwa hiyo tuliongea Kiingereza, nami nikawa mkalimani wa Habuba. Alitaka mtoto avuliwe shati, alazwe chali mkekani, awe macho, asiwe analia, asipewe ziwa. Kisha akakaa, mikono mapajani, akamtazama. Basi!

Nikachemka. Nimekula vumbi la njia yote ile nije nione mtu amekaa? "Daktari, hutamshika?"

"Nikimshika nitaona kazi ya mikono yangu. Nataka kuona ya kwake."

Rajabu alilala kama kuni. Daktari akangoja. Uso wake ukaanza kubadilika, na mimi nauangalia uso ule kuliko mtoto. Mwishowe akasema polepole, "Katika umri huu, mtoto aliye macho hatulii hivi. Sipendi ninachokiona."

Nikashika ukuta. Na hapo nikasikia: tk, tk.

Habuba alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa mkeka, uso wake juu ya uso wa mtoto.

"Habuba, toka hapo!"

Kwetu mke wa mwana hampandishii mama mkwe sauti. Mimi nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa barazani wakanyamaza.

"Mimi nafundisha yeye heshima!" Habuba naye akapandisha. "Mukubwa iko naangalia yeye!"

"Mkubwa anataka acheze!"

"Acheze mbele ya dokta? Kama mutoto ya sokoni?"

Daktari akauliza kuna nini. Nikamtafsiria. Alicheka mpaka akavua miwani. Akatuamuru wote tusimame nyuma ya kichwa cha mtoto, asione uso wa mtu.

Kwanza hakuna kitu. Kisha kiganja kikageuka. Kikafuata kifundo cha mguu, shingo ikazunguka kidogo, bega, kidole cha mguu, tena kiganja. Umewahi kufunua chungu cha maharage kinachochemka taratibu, punje moja inainuka huku, nyingine kule, hakuna inayotulia? Ndivyo mwanangu alivyokuwa, mwili mzima.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta," daktari akasema. "Siapi. Lakini mtoto mwenye misogeo midogo kama hii, mara nyingi sana ugonjwa ule haumpati. Mrudishe akianza kukaa."

Akianza kukaa! Nililia kwa kelele bila haya. Habuba akasema, "Sasa nani hana heshima?"

Zamu ya Kiden, hakuna aliyemgongea ulimi. Miguu yake ilinyooka pamoja, ikakaza, ikaachia. Punje punje hazikuja. Daktari akamruhusu anyonye, akamlaza tena, akangoja sana. Hazikuja. Akamweleza Poni ukweli, nami nikitafsiri huku nikiona aibu ya furaha yangu: huenda ubongo umeumia, na kwa sababu wamejua mapema, mazoezi yaanze leo. Akamwonyesha namna ya kumpakata miguu ikiwa imetanuka, na namna ya kuikunja na kuifungua.

Poni akamfunga mtoto, akasema, "Basi nina kazi. Nyumbani walikuwa wananiambia ningoje tu."

Tulirudi gari moja na Poni. Njiani akanyoosha mikono, akamchukua Kiden, akamkalisha kiunoni, mguu huku, mguu huku, sawasawa kama daktari alivyoonyesha.

"Hii iko drili ya askari tu," akamwambia Poni. "Drili mimi najua. Siku ya soko leta yeye kwangu, tutafanya."

Poni akauliza kama kweli. Habuba akamtazama kana kwamba ametukanwa.

Nilichojifunza nakuandikia wewe mama mwenzangu ambaye wako alitoka kimya. Usikubali hukumu ya mtu aliyemfunua mtoto na kumfunika. Mpeleke mapema akaangaliwe na anayejua kungoja. Ukiambiwa vibaya, utaanza kazi siku ile ile. Ukiambiwa vizuri, utalala. Mimi nilikuwa sijalala vizuri tangu nijifungue. Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda nilipotikiswa bega.

"Wewe, amuka!" Habuba alikuwa amembeba Rajabu, mtoto anarusha ngumi hewani. "Mutoto iko nalia ziwa, na wewe nakoroma kama lori!"